Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Amani na Matumizi ya Kiasi kwa Vitu vya Nyumbani

Ukichunguza ugomvi wa watoto katika nyumba yoyote, utaona kwamba mara nyingi unazuka juu ya kitu: nani amemaliza maji ya kuoga, nani amepewa paja la kuku, nani ameshika rimoti tangu asubuhi, nani amevaa shati la mwenzake bila ruhusa. Wazazi wengi tumezoea kuutuliza ugomvi huo kwa kukaripia, kisha siku nyingine tunamfundisha mtoto huyohuyo kuhusu mazingira kwa kumwambia asitupe takataka ovyo, kana kwamba hayo ni masomo mawili yasiyojuana. Mwongozo huu umeandikwa kwa imani kwamba ni somo moja. Mtoto anayejua kukadiria kinachomtosha, kumwachia mwenzake sehemu yake, na kuzungumza bila kupiga pale mgao unapozua ubishi, amejifunza kuishi na watu na kuishi na dunia kwa wakati mmoja.

Watu wazima nao hugombana kwa njia hiyohiyo. Katika wilaya kama Kilosa na Kiteto nchini Tanzania, wakulima na wafugaji wamepigana hata kuuana kwa sababu ya ardhi ya kulima, malisho na maji. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, wapo waliouliza upandaji miti una uhusiano gani na amani, naye alieleza kwamba kuni, maji na ardhi nzuri vikipungua, watu huanza kugombea kilichobaki. Kwa mtoto wa miaka minne, habari hizo ni nzito mno. Yake ianzie kwenye ndoo.

Mwezi wa kwanza ni wa maji

Chagua kitu kimoja tu kwa mwezi wa kwanza, nacho kiwe maji, kwa sababu maji hupimika kwa macho na kila mtu nyumbani huyatumia. Mtoto wa chini ya miaka saba haelewi neno rasilimali, lakini kopo analielewa vizuri. Mpe kopo la lita moja liwe lake, na kila anapooga ahesabu kwa sauti makopo aliyochota. Wiki ya kwanza usimwekee kikomo chochote. Muulize tu ametumia mangapi na kama yamemtosha. Ukianza kwa kikomo, mtoto hujifunza kuficha. Ukianza kwa hesabu, wengi wao hupunguza wenyewe, kwa kuwa watoto wanapenda kushindana na idadi yao ya jana.

Wiki ya pili, wakusanye watoto wote mbele ya maji ya siku nzima. Familia inayonunua maji kwa dumu la lita 20 iwaambie watoto bei halisi ya dumu na fedha hiyo ingenunua nini kingine. Familia yenye bomba ndani ya nyumba ichague Jumamosi moja ya kutumia maji ya ndoo peke yake, kwa sababu maji yanayotoka ukutani hayana mwisho machoni pa mtoto. Kisha gawaneni kwa utaratibu ambao nauona kuwa kiini cha zoezi zima: ya kunywa na ya kupikia yanatengwa kwanza, yanafuata ya mwenye uhitaji zaidi, awe bibi, mgonjwa au mtoto mchanga, na yanayobaki ndiyo yanayogawanywa sawasawa kwa wengine. Hapo usiharakishe. Waulize watoto kwa nini bibi atangulie, wasikilize, na uvumilie hata jibu la ovyo, kwa maana mtoto anayeweza kueleza kwa maneno yake kwa nini mwingine apewe kabla yake ameshika jambo ambalo mahubiri marefu hayawezi kumpa.

Watoto wa darasa la tatu na kuendelea wapewe uchunguzi. Kama kuna koki inayovuja, wakinge kikombe chini yake kwa saa moja, wapime kilichopatikana, kisha wazidishe kwa 24. Kikombe cha robo lita kikijaa kwa saa moja, koki hiyo inapoteza lita 6 kwa siku, yaani dumu zima la lita 20 linamwagika kabla siku nne hazijaisha. Fundi akija kubadilisha kipira cha ndani ya koki, mtoto aliyefanya hesabu awepo, ashike spana, aone kwamba upotevu una dawa. Maji ya kuoshea mboga yaende kwenye bustani, na ya kusuuzia nguo yaende chooni.

Kwa familia za Kiislamu, udhu ni darasa lililo tayari. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja, na mtoto wa madrasa anaweza kujaribu mwenyewe kwa kutawadha kwa chupa iliyopimwa badala ya kufungulia bomba.

Ugomvi ukizuka, uendeshe kama kikao

Somo la maji litazaa ugomvi, tena mapema. Mzazi asivunjike moyo, kwa kuwa hapo ndipo sehemu ya amani inapofundishwa, na haifundishiki watoto wakiwa wametulia.

Kwanza, kitu kinachogombewa kiondolewe mikononi mwao na kiwekwe mahali ambapo wote wanakiona lakini hawakifikii, ukisema waziwazi kwamba kitarudi wakishaelewana. Pili, subiri joto lipoe. Waketi chini, wanywe maji, kwa sababu mtoto aliyepandwa na hasira hasikii lolote. Tatu, kila mmoja aeleze shida yake bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia mpaka msemaji akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hatua hii ni ngumu kuliko zote, na kama una nafasi ya kufundisha jambo moja tu katika mwongozo huu, fundisha hili. Tazama linavyokuwa kwa dada aliyekuta ndoo tupu asubuhi na mdogo wake aliyeoga kabla yake:

“Nimekuta ndoo haina kitu, na mimi nachelewa shule.”

“Umesikia nini kwa dada yako?”

“Amesema mimi nimemaliza maji.”

“Sijasema hivyo. Nimesema nimekuta ndoo haina kitu, na nachelewa shule.”

Mdogo amesikia shutuma mahali ambapo dada ameeleza shida. Ugomvi mwingi, wa watoto na wa watu wazima, unakaa katika mwanya huo. Akilazimika kurudia maneno ya dada yake kama yalivyo, mdogo anaiona shida yenyewe, na mara nyingi ndiye anayekuwa wa kwanza kupendekeza la kufanya. Mtoto wa miaka mitano mtake arudie sentensi moja tu. Swali la “nani ameanza?” liachwe kabisa, kwa kuwa linawageuza watoto kuwa washtakiwa wanaotafuta mashahidi; badala yake, uliza kila mmoja alikuwa anahitaji nini.

Hatua ya nne ni mgao, na wapendekeze wao. Kwa kitu kinachogawanyika, iwe andazi, muwa au kipande cha keki, kanuni iliyo bora kuliko zote ninazozijua ni kwamba mmoja anakata na mwingine anachagua kwanza. Utamwona mtoto aliyekuwa tayari kupigana akikata andazi kwa uangalifu wa sonara, kwa sababu anajua kipande kidogo kitabaki kwake. Kwa kitu kisichogawanyika, kama baiskeli au chaja, waandike zamu kwenye karatasi, wakubaliane muda wa kila zamu, na karatasi ibandikwe ukutani ili mtunza sheria awe karatasi badala ya mama. Mwisho, aliyeharibu atengeneze: ashone alichochana, achote alichomwaga, aokote alichotawanya. Samahani inayotolewa kwa kutishwa haina uzito wowote. Mtoto akishatengeneza alichoharibu, neno hilo humjia lenyewe.

Jambo moja lazima lisemwe bila kuzungukazunguka. Mzazi anayemaliza ugomvi wa watoto kwa kofi amewafundisha kwamba mwenye nguvu ndiye anayegawa, na somo hilo watalitumia kwa wadogo zao kabla jua halijatua.

Chakula, na heshima ya sinia

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 ikikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 60 ya upotevu huo ulitoka majumbani. Chakula kinachofukiwa dampo huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo hupasha joto anga kwa nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuelezwa hivyo moja kwa moja. Mdogo zaidi mwonyeshe ndoo ya taka ya jikoni jioni, mtenge pamoja kilichokuwa chakula, na mtaje kila kimoja kilitoka kwa nani: mkulima aliyepalilia, dereva aliyesafirisha, mama muuza sokoni, aliyepika.

Desturi ya kula pamoja katika sinia, ambayo bado ipo katika nyumba nyingi za pwani na hata bara, ni hazina kwa ajili ya somo hili, nami nasikitika ninapoona familia zikiiacha kwa kudhani ni ushamba. Mtoto anayekula sinia moja na wenzake anafundishwa kula kilicho mbele yake, kutovamia upande wa mwingine, kutanguliza wageni, na kutoikimbilia nyama kabla haijagawiwa. Familia inayotumia sahani iweke kanuni ya kupakua kidogo na kuongeza, na mtoto ajipakulie mwenyewe mara tu mkono wake unapoweza kushika upawa. Kumlazimisha mtoto amalize sahani iliyojazwa na mtu mwingine hakumfundishi kiasi. Kunamzoesha kula akiwa ameshiba.

Mtoto mmoja kila wiki apewe kazi ya kusimamia viporo: kutazama kilichobaki, kukifunika, na kupendekeza kitakavyotumika kesho. Ugali uliolala hukatwa vipande ukakaangwa, na ndizi zilizoiva kupita kiasi huingia kwenye unga wa chapati za maji. Hata hivyo afya isitolewe kafara kwa jina la kuokoa. Wali uliokaa kwenye joto tangu mchana unaweza kumdhuru mtoto hata ukipashwa moto, kwa hiyo uliobaki upoe upesi na kuhifadhiwa kwenye baridi, au upelekwe kwa kuku. Kazi nyingine nzuri kwa watoto ni kuloweka maharage kila jioni kabla ya siku ya kuyapika. Siku moja wapike sufuria moja ya maharage yaliyolowekwa na nyingine ya yasiyolowekwa, waandike muda wa kila moja na kiasi cha mkaa kilichotumika, kisha muwaeleze kwamba mkaa huo ulikuwa mti.

Dini zetu zinasaidia hapa. Katika Kurani, Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na inakataza israfu, yaani matumizi ya kupita kiasi, katika maneno hayohayo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, Yesu baada ya kuwalisha watu elfu tano anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili kisipotee kitu, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Watoto wengi wanazijua habari hizi kwa moyo bila kuwahi kuonyeshwa kwamba zinahusu sahani iliyo mbele yao.

Katika nyumba ambayo chakula hakitoshi, usimhubirie mtoto kupunguza. Anayekula mlo mmoja kwa siku hana cha kupunguza, na kumwambia vinginevyo ni kumdhalilisha. Somo la nyumba hiyo ni mgao wa haki na kutoona aibu, na mtoto wake aelezwe kwamba familia yake tayari inaishi kwa kiasi ambacho wengine wanahitaji kujifunza.

Nguo za kurithi na vitu vya kuchezea

Inakadiriwa kwamba shati moja la pamba huhitaji karibu lita 2,700 za maji tangu shambani mpaka dukani. Mtoto aliyekwisha kujifunza kuhesabu madumu ataona mwenyewe kwamba hayo ni madumu 135 ya lita 20. Nguo za mitumba na za kurithishana ni njia nzuri ya kuyaheshimu maji hayo, lakini kuna dhuluma ndogo ambayo wazazi huipita bila kuiona: mtoto wa mwisho ndiye anayevaa vilivyochakaa daima. Kinyongo cha namna hiyo hukaa miaka mingi. Kabla nguo haijashuka kwa mdogo, mpeleke kwa fundi cherehani achague mwenyewe kifungo kipya, mfuko wa kuongezwa au namna ya kupunguzwa, ili nguo iwe yake kweli. Na kila mtoto, awe wa kwanza au wa mwisho, apate angalau kitu kimoja kwa mwaka kilichonunuliwa kwa ajili yake. Mtoto wa miaka minane, wa kiume kwa wa kike, anaweza kufundishwa kushona kifungo na kuziba tundu la soksi.

Sikukuu za Idd na Krismasi zinaleta jaribu lake. Masoko hujaa bastola za plastiki za bei ndogo, ambazo nyingi huvunjika siku hiyohiyo, na jioni watoto wanabaki na taka ya plastiki pamoja na mchezo wa kuuana. Kuzikataza kwa hotuba hakusaidii, kwa sababu fedha ya sikukuu ni ya mtoto na wenzake wote wanazo. Nenda naye sokoni siku mbili kabla, mfanye hesabu ya vitu vingine ambavyo fedha hiyohiyo ingenunua, mpira, kamba ya kuruka, karata au rangi, umuulize kipi atakuwa bado anacho shule zikifunguliwa, kisha umwachie uamuzi. Akichagua bastola, usimcheke ikivunjika. Mwaliko wa kutengeneza gari la waya au mpira wa matambara pamoja na baba au mjomba huwa na nguvu kuliko marufuku, hasa kwa kuwa kitu alichokisuka mtoto kwa mikono yake hakitupi kirahisi.

Kwa matamanio ya siku za kawaida, daftari linatosha. Mtoto aandike anachokitaka na tarehe, asubiri wiki mbili, kisha asome tena. Mengi atayafuta mwenyewe.

Bustani ya gunia

Mtoto wa mjini anayedhani mchicha unatoka dukani hawezi kuuonea uchungu. Gunia moja linatosha kumbadilisha, hata kwa familia inayoishi chumba kimoja yenye kibaraza tu.

Tafuteni gunia la kilo 90 au 100, udongo mzuri, samadi iliyooza au mboji, kokoto au mawe madogo, na kopo kubwa lililokatwa na kuachwa wazi juu na chini. Changanyeni sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi. Wekeni udongo kidogo chini ya gunia, simamisheni kopo katikati, lijazeni mawe, kisha jazeni udongo kulizunguka mpaka usawa wa kopo. Vuteni kopo juu polepole ili mawe yabaki, lijazeni tena, na kuendelea hivyo mpaka gunia likaribie kujaa. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Toboeni matundu ubavuni kwa kupishana, kila moja likiachana na jingine kwa kadiri ya shubiri, na pandeni miche ya sukuma wiki ubavuni na mchicha juu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, muda ambao subira ya mtoto inauweza, na ndiyo maana nashauri uwepo hata kama familia haiupendi sana.

Gunia liwe la watoto wote, lakini kila mmoja awe na matundu yake yenye alama. Hapo mtaona yote mliyoyafundisha yakijaribiwa: mche wa mmoja utakauka, wa mwingine utastawi, kuku wa jirani atakula majani. Habari ya kuku wa jirani isimalizwe na mzazi. Watoto waende wakiwa na salamu, waeleze kilichotokea bila kushutumu kama walivyojifunza kwenye kikao, na waombe kuku wafungiwe au wao wenyewe waweke wavu. Mchicha wa kwanza ukichumwa, fungu moja lipelekwe kwa jirani huyohuyo.

Maganda ya ndizi, majani ya chai na mabaki ya mboga yawe mboji. Kwenye shimo dogo au pipa lenye matundu, pangeni majani makavu, kisha mabaki mabichi, kisha udongo kidogo, mkirudia. Rundo liwe na unyevu bila kuchuruzika maji, ligeuzwe kila wiki, nalo litakuwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu. Nyama, samaki na mafuta visiingie, kwa kuwa huita panya. Mtoto atie mkono karibu na katikati ya rundo baada ya wiki moja, asikie joto la vijidudu vinavyofanya kazi.

Usafi na miti visiwe adhabu

Shule nyingi zetu, na nyumba nyingi pia, humwadhibu mtoto kwa kumfagilisha uwanja, kumwokotesha taka au kumwagiza amwagilie miti. Sioni njia ya haraka zaidi ya kumfanya mtoto ayachukie mazingira. Mti uliomwagiliwa na mtoto aliyechelewa namba haumfundishi chochote isipokuwa kuwahi namba. Mwalimu anayesoma haya naomba aitenge kazi ya mazingira na kuifanya heshima: zamu ya kumwagilia ipewe jina, ipewe daftari, ipewe kiongozi aliyechaguliwa na wanafunzi wenzake.

Upandaji wenyewe upimwe kwa miti iliyo hai. Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti iliyoanzishwa na Wangari Maathai, ilianza na miche saba iliyopandwa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na baadaye iliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika na kukua. Shule ifuate akili hiyo: isihesabu miche ya siku ya sherehe, ihesabu iliyobaki baada ya kiangazi kimoja. Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ikatobolewa tundu dogo kwenye kizibo na kufukiwa kichwa chini kando ya mche hudondosha maji taratibu kwa siku kadhaa, na watoto wa bweni wanaweza kuzijaza kabla ya likizo fupi. Shule inayotaka mpango ulio tayari inaweza kuangalia Roots & Shoots, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 na mtafiti wa sokwe Jane Goodall pamoja na kundi la wanafunzi, ambao vikundi vyake hufanya jambo kwa ajili ya watu, jambo kwa ajili ya wanyama na jambo kwa ajili ya mazingira.

Maswali ya watoto wakubwa

Kuanzia miaka kumi na moja hivi, mtoto anaanza kuuliza kuhusu dunia iliyo nje ya ua, na asidanganywe. Anza na alilolishuhudia. Afrika Mashariki imethubutu katika jambo la mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mpe kazi ya kuwahoji babu na shangazi walibebea nini kabla ya mifuko hiyo, na atakutana na vikapu vya ukindu na majani ya mgomba. Mwonyeshe pia picha za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Kisha kuna simu. Ndani ya simu nyingi kuna metali iitwayo tantali, inayotokana na madini ya koltani, na sehemu kubwa ya koltani huchimbwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, yaliangukia mikononi mwa kundi la waasi la M23 mwaka 2024. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, aliwataka wanunuzi wa simu na magari ya umeme wafikirie gharama ambayo binadamu wamelipa ili vitu hivyo viwepo. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kuyabeba haya ikiwa hataachwa na hatia tupu. Mweleze kwamba simu aliyonayo si kosa lake, na kwamba kuitunza idumu miaka mingi, kubadilisha betri au kioo badala ya kununua nyingine, na kutoitupa ikifa, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wake.

Atauliza pia kwa nini sisi tujibane wakati nchi tajiri hazijibani. Ana haki ya kuuliza. Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani nne, kwa hiyo mgao wa lawama hauwezi kuwa sawa, kama vile aliyemaliza ndoo hawezi kumtaka aliyekuta tupu apunguze. Jibu ninalolipendekeza ni kwamba kiasi tunachokifuata nyumbani kinatufaa sisi wenyewe kwanza, katika maji, mfuko na usikivu kati ya ndugu, na kwamba kudai haki kwa wengine ni sehemu ya amani pia, mradi kunafanywa kwa hoja.

Hiyo hoja ajifunze kuijenga karibu. Achague tatizo moja la mtaani linalomgusa, kwa mfano mtaro uliozibwa na taka ambao mvua za masika huufurisha, na aandike pamoja na rafiki zake barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa: tatizo ni lipi, liko wapi hasa, limeanza lini, wanaomba nini, na wao wako tayari kufanya nini. Barua iwe ya ukurasa mmoja, isiwe na tusi wala jina la jirani anayeshukiwa, na nakala ibaki nyumbani. Waipeleke kwa mkono, waulize kwa adabu watarajie jibu lini, na tarehe hiyo waiandike juu ya nakala. Siku ikipita bila jibu, mrudi nao ofisini, aliyeandika barua ndiye aulize, na mzazi aingilie tu pale mtoto anapokatizwa.